Televisheni Juu ya Nira

Iko siku moja, mwanangu Kabula, ninayoikumbuka hadi harufu yake: ugali unaungua jikoni, na mimi nimepiga magoti kwenye mlango wa nyumba yangu mwenyewe kama mgeni aliyekuja kuomba moto. Siku hiyo ndiyo iliyokupa kovu hilo juu ya jicho la kushoto. Umeniuliza mara nyingi limetoka wapi, nami kila mara nimekujibu kwamba ulianguka ukicheza. Nilidanganya. Hukuanguka. Uliangukiwa, na mimi niliona kila kitu tangu mwanzo.

Najua nasaha ni kazi ya wazee. Mimi sina mvi hata moja, kidato cha nne nimemaliza juzi ukinilinganisha na watu wanaopaswa kusema maneno haya, na tena nina hasira. Wahenga wanasema hasira hasara. Basi na iwe hasara, nitailipa. Jumapili hii umepigwa kofi la mdomo mbele ya wageni, nami mama yako nikakaa kimya, kwa mara ya pili tangu uzaliwe. Hakuna ya tatu. Kaa chini usome, na neno usilolielewa leo litakungoja ukue.

Mwaka ule pamba ilitukubali. Umeme nao ulikuwa umefika Zagayu, nguzo zimepita mpaka nyuma ya boma la ng'ombe la babu yako, na kila nyumba iliyovuta waya ilikuwa na neno moja tu mdomoni: televisheni. Babu yako alicheka. Alisema enzi za foleni, bidhaa zilipoadimika madukani, redio moja ilisikilizwa na kijiji kizima, na mwenye redio akipiga chafya watu walisema pole. Sasa soko limefunguliwa, kila anayetaka analeta, kila anayetaka ananunua. Ni kweli. Soko huria limetuletea kila kitu, mwanangu, isipokuwa mtu wa kutuambia namna ya kuishi nacho. Na akitokea mtu huyo, hatumsikilizi. Mimi sikumsikiliza.

Tulikwenda Bariadi, baba yako Masanja na mimi, wewe mgongoni. Ukuta mzima wa duka ulikuwa televisheni, zote zinaonyesha samaki wale wale, wekundu na manjano, unaona mpaka magamba. Baba yako akasimama mbele ya ile ndogo. Akasema, "Hii inatosha. Inakaa vizuri kwenye meza yetu."

"Meza ndiyo inachagua televisheni?" nikamuuliza. "Tunanunua mara moja. Tuchukue ile."

Ile ilikuwa ya inchi arobaini na tatu. Muuzaji, mtu mzima mwenye kalamu sikioni, akaja taratibu.

"Dada, hiyo ni HD."

"Najua HD ni nini," nikamkata. Nilikuwa nimesoma maandishi ya boksi kabla hajafika. Ndivyo nilivyokuwa, mwanangu: mwenye kusoma boksi akadhani amesoma na kilichomo.

Hakukasirika. Akanieleza kwamba samaki wale wanang'aa vile kwa sababu picha yao inatoka kwenye flashi, na kwamba king'amuzi cha kawaida hakitatoa picha safi namna ile mpaka tuchukue cha HD. Hilo nililikubali kwa sababu lilinipa kitu cha kujivunia. Kisha akanionyesha miguu ya ile televisheni, miwili, myembamba kama ya kuku, mmoja huku mwisho na mwingine kule mwisho.

"Meza yenu ina upana gani?" akauliza. "Hii inataka meza ndefu. La sivyo chukueni breketi, muifunge ukutani."

"Ukuta wetu ni tofali mbichi," baba yako akasema. "Haushiki skrubu."

"Basi chukueni ndogo." Akakutazama wewe mgongoni kwangu. "Na huyu ameanza kutembea?"

"Anatembea," nikasema. "Lakini wangu amefundishwa adabu. Hagusi kitu cha watu."

Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili! Yule muuzaji akaitoa kalamu sikioni, akaandika risiti. Kizuri chajiuza, wanasema. Hawasemi kwamba kizuri hakikuulizi una ukuta gani.

Meza yetu haikutosha, kama alivyosema. Mguu mmoja wa televisheni ulikuwa juu ya meza, mwingine hewani. Baba yako akatafuta ubao wa kitanda cha zamani, akaulaza juu ya meza, ukazidi huku na huku kama mtu aliyelala kitanda kifupi. Televisheni ikakaa juu ya ubao. Hakuugongelea msumari, alisema atafanya kesho. Ubao ule ulikuwa mbaya kuutazama, nami nikaufunika kwa kitambaa changu, nikakipitisha chini ya miguu ya televisheni, kile cheupe nilichofuma mwenyewe nikiwa na mimba yako, chenye vishada vinavyoning'inia mbele mpaka usawa wa goti. Usawa wa goti la mtu mzima, mwanangu, ni usawa wa nani?

Nailoni ya kwenye kioo hatukuitoa. Tulitaka ibaki mpya. Tulinunua picha safi kisha tukaitazama kwa kupitia nailoni.

Sasa nikueleze jambo ambalo wewe hujalijua vizuri kwa sababu nyumba hii imebadilika. Kwetu mkamwana hakai sebule moja na baba mkwe. Hatamki jina lake. Hapiti mbele yake akiwa amesimama wima. Akimkuta, anapiga magoti, anainamisha macho, anasalimia, na salamu inakwenda mpaka mwisho wake. Mzee naye anageuza uso pembeni, hamtazami. Hata ulipokuwa mchanga, babu yako alipomaliza kukubeba hakukupokeza mikononi mwangu. Alikulaza kwenye mkeka, akarudi nyuma hatua mbili, ndipo mimi nikasogea kukuchukua. Mikono yetu haikugusana hata siku moja. Sikuona ubaya. Nililelewa hivyo na mama yangu, na yeye na mama yake.

Lakini televisheni haikulelewa hivyo. Ilikaa sebuleni, na sebule ikawa ya babu yako. Saa kumi jioni ikifika, yeye na rafiki yake Mzee Ndaki wanakuja na vigoda vyao, wanaketi, na mimi natoka nakwenda jikoni, ng'ambo ya uwanja. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nani atampa jembe baba mkwe? Niliichagua mimi, nikaisikiliza kwa mbali na mwiko mkononi. Mwanangu, nilinunua televisheni nikapata redio.

Kilichowaleta ni ng'ombe. Kulikuwa na stesheni inayoonyesha wafugaji wa nchi za nje, na wazee wale walikuwa wamechunga tangu meno ya kwanza. Nilikuwa nawasikia jikoni.

"Ndaki, tazama. Huyu nundu yake iko wapi?"

"Wameikata."

"Wameikataje? Ng'ombe wote hao?"

"Wazungu hao. Wakiona kitu kimezidi wanakata."

"Na kiwele kile je? Mbona hawajakikata?"

Wanacheka mpaka wanakohoa. Siku nyingine babu yako alisimama, akasogea karibu na kioo, akaweka kidole: "Kupe! Nyuma ya sikio. Ndaki, hata wao wana kupe!" Alifurahi siku nzima, kama mtu aliyepata habari kwamba jirani tajiri naye anadaiwa.

Na wewe ulikuwa katikati yao. Mjukuu hana mpaka kwa babu. Ulipanda mapajani, ukavuta ndevu, ukashuka, ukaenda kwenye meza. Mlango wa jiko ulitazamana na mlango wa sebule, nami kila jioni nilikuona: leo umekishika kishada kimoja, kesho umekitia mdomoni, keshokutwa umekizungusha kidoleni. Kila jioni moyo ulinipanda. Babu akikuona anasema, "Kabula, njoo huku," nawe unakwenda. Nikasema moyoni, si anamwona. Wapo watu wazima wawili pale.

Nilimwambia baba yako, "Ule ubao ugongelee."

"Kesho."

"Jana ulisema kesho."

"Na wewe toa hicho kitambaa chako," akanijibu.

Sikukitoa. Andika hilo kwenye hesabu yangu mimi, si yake. Kila aliyeingia alikisifu. Shangazi yako, dada wa baba yako, yule yule wa kofi la Jumapili, alikishika akasema, "Mkamwana huyu ana mikono." Usipoziba ufa utajenga ukuta, nilikuwa naujua msemo huo tangu darasa la tatu. Nilikuwa naujua kwa ajili ya mtihani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Baba yako alikuwa amekwenda Nyashimo. Wazee wakaja mapema, jua bado kali, wakawasha ng'ombe wao wa kwenye kioo. Mimi nikasonga ugali. Nikainua macho, nikaona umeketi chini mbele ya meza, pembeni ya kioo, na kishada umekizungusha kwenye mkono mzima, si kidole tena. Ukavuta. Kitambaa kikaja kidogo. Ukacheka. Ukavuta tena, nami nikaona ubao unasogea, na ule mguu wa kuku ukaja ukingoni.

Kutoka jikoni mpaka pale ni hatua kumi na mbili. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile.

Niliacha mwiko. Nilikimbia hatua sita. Katikati ya uwanja nikakumbuka kichwa changu kiko wazi, kanga imebaki jikoni. Mwanangu, nilirudi. Soma tena hapo: nilirudi kuchukua kanga. Nikajifunika, nikaja mbio, nikafika mlangoni, na miguu yangu ikakunjika yenyewe. Hakuna aliyeniambia nipige magoti. Mwili ulikuwa umefundishwa, na mwili hauulizi kuna nini leo.

"Mwadila, Baba," nikasema salamu yetu ya mchana, macho chini.

Na unajua mzee mwenye heshima anafanya nini akisalimiwa na mkamwana? Anageuza uso. Babu yako aliondoa macho kwenye kioo akatazama ukuta wa pili, na Mzee Ndaki akafanya vivyo hivyo. Walikuwa wawili tu waliokuwa wakitazama upande wako, na salamu yangu ndiyo iliyowageuza.

"Mwadila, mayu," akaniita mama kama desturi. "Mhola, kwema?"

"Mhola, Baba."

"Jikoni kwema?"

"Kwema, Baba." Kwa pembe ya jicho nikaona kitambaa kinakuja.

"Na ng'ombe wamerudi?"

"Bado, Baba. Baba..."

"Watoto hawajambo?"

Nikajibu. Mungu anajua nilijibu. Nikasema, "Hawajambo, Baba."

Ilianguka bila kelele kubwa, kwa sababu ilikuangukia wewe. Picha ilikuwa bado inaendelea, ng'ombe wanasikika wanalia chini ya kioo, na mguu wako mdogo umetokeza pembeni umetulia. Sikupiga yowe hata wakati huo. Babu yako ndiye aliyeruka. Mzee mwenye goti bovu aliruka juu ya kigoda, akaiinua ile televisheni peke yake, akaitupa kando kama gunia tupu. Ulikuwa umefumba macho. Damu ilikuwa inatoka juu ya jicho, na bega la kushoto limekaa mahali ambapo bega halikai. Akakuchota. Akageuka, akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu niolewe, akakuweka mikononi mwangu. Mikono yake ilikuwa chini ya mikono yangu na haikutoka.

"Ndaki, pikipiki!" akasema.

Pikipiki ikaja. Mwendeshaji akamwangalia mkamwana, akamwangalia mkwe, akasita. "Mzee, mtabanana. Nimwite mwenzangu wa pili?"

"Endesha."

"Mzee, watu wataona..."

"Waone. Endesha!"

Tukapanda, mimi katikati na wewe kifuani, babu yako nyuma yangu amenizungushia mkono asikuache udondoke. Zagayu nzima iliona. Wanawake waliokuwa kisimani waliziba midomo. Njia nzima hadi Bariadi sikusikia kitu ila pumzi yako, kuna wakati ipo, kuna wakati siisikii, na kila nisipoisikia babu yako anakupuliza usoni juu ya bega langu anasema, "Ng'wana wane, mwanangu, usilale. Ng'wana wane, babu yupo." Ulilia tulipofika lami. Sijawahi kusikia ngoma tamu kama kilio kile.

Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika. Juu ya jicho walikushona. Daktari akasema kioo kingepiga chini kidogo, jicho lisingebaki, na kingepiga nyuma kidogo tusingekuwa na la kuzungumza.

Tuliketi kwenye benchi, babu yako mwisho huu, mimi mwisho ule. Kisha akasema, bila kugeuza uso:

"Uliponisalimia, ulikuwa umemwona?"

"Nilimwona, Baba."

"Tangu wapi?"

"Tangu jikoni."

"Ukapiga magoti."

"Ndiyo, Baba."

"Nikakuuliza watoto. Ukasema hawajambo."

Nikaivuta kanga ikafunika macho.

"Angekuwa fisi ameingia mle ndani, ungepiga magoti?"

"Hapana, Baba."

"Ungefanya nini?"

"Ningepiga mwano."

Mwano unaujua, ndilo yowe la hatari. Likipigwa kwetu, hata anayeoga anatoka. Hakuna anayeuliza aliyepiga ni mkubwa au mdogo, mke au mume, amejifunika au hajajifunika. Watu wanakimbilia sauti.

"Kwa hiyo," babu yako akasema, "kwa fisi ungepiga mwano, kwangu ukapiga magoti. Kati yangu na fisi, unamwogopa nani zaidi?"

Nilikuwa nimechoka kudanganya siku ile. "Wewe, Baba."

Akainama, akashika kichwa. "Basi nimeishi vibaya," akasema.

Mwanangu, nimegombezwa na walimu, nimegombezwa na mama yangu kwa fimbo, nimegombezwa na baba yako. Hakuna karipio lililonipiga kama lile, na halikuwa na tusi hata moja. Alijikaripia yeye, nikasikia mimi. Ndipo akaendelea: "Heshima si utumwa. Nilipenda magoti yako, sitakudanganya. Niliyala kila siku kama chakula. Lakini sikujua yanapikwa kwa kuni gani. Kuanzia leo, palipo na mtoto hapana mkwe. Kichwa wazi, miguu wazi, pita juu yangu. Mwano haupigi hodi."

Baba yako akafika jioni ile kutoka Nyashimo, vumbi mpaka kwenye kope. Akasimama mbele yetu, na neno lake la kwanza, nakuapia, lilikuwa: "TV imepona?"

Ningemjibu mimi, ningevunja ndoa palepale kwenye benchi. Babu yako ndiye aliyemjibu. "Masanja. Uliza tena. Safari hii anza na mwenye roho." Baba yako akakaa chini sakafuni akalia. Alijua kuhusu ule ubao. Nimemsamehe ubao. Swali lile bado, na hilo analijua.

Televisheni ilipona, ndiyo. Ina ule mstari mweusi kwenye kona unaouona. Nilitaka iuzwe. Babu yako alikataa: "Kosa si la kwake, hiyo ilikaa mlipoikalisha." Asubuhi ya tatu alikuja amebeba nira yake mabegani, ile ya jembe la ng'ombe, mti mgumu uliokwisha kulainika kwa shingo za maksai. Akaikata ncha. Akatoboa ukuta kutoka ndani mpaka nje, akaweka nira ndani, ule ubao wa kitanda nje, akaviunganisha kwa bolti ndefu za jembe, zikabana tofali katikati. Breketi tuliyoikataa dukani, baba yako alikuwa ameirudia. Wakaikaza kwenye nira, juu, usawa wa kichwa cha mtu mzima.

Mzee Ndaki akasimama mlangoni. "Umeharibu nira nzuri kwa ajili ya picha."

"Ilivuta maksai wawili miaka yote ile," babu yako akasema. "Haitashindwa kuvuta ng'ombe wa kwenye kioo." Kisha akabandua ile nailoni kwa ukucha, taratibu, akaikunja akanipa. "Sasa tuone vizuri."

Akasogeza kigoda kimoja ukutani, karibu na mlango, akasema bila kunitazama, "Hicho ni cha mama Kabula." Ndicho hicho ninachokalia mpaka leo. Kitambaa nilikikata vishada vyote, kinafunika mtungi wa maji.

Sasa, Jumapili. Wageni wamejaa, mdogo wako anatambaa, ameufikia waya wa ekstensheni chini ya miguu ya shangazi yako, ameshaupeleka mdomoni. Ukaona wewe peke yako. Ukapiga kelele, "Shangazi, mguu!", ukaruka miguu yake yote miwili iliyonyooshwa, ukamnyang'anya mtoto waya. Kuruka miguu ya mkubwa! Akakutandika kofi, akasema huna adabu, mama yako hakukufunza. Nami nilikuwa nimeketi kwenye kigoda changu nikameza ulimi. Kwa sababu ni mkubwa. Kwa sababu kuna wageni. Miaka sita, na magoti yangu bado yanakunjika yenyewe!

Usiku nilikaa na aibu hiyo. Leo asubuhi nimekwenda kwake. Nilijifunga kanga vizuri. Nilipiga magoti uwanjani kwake, nikasema mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, nikasubiri aitikie, nikauliza hali ya kaya, ya ng'ombe, ya watoto, ya mguu wake unaouma, mpaka salamu ikaisha yenyewe. Nilipiga magoti kwa sababu hakuna kitu kilichokuwa kinaanguka. Kisha, nikiwa bado chini, nikamwambia: "Wifi, kofi ulilompiga Kabula ulilipiga kwenye mdomo uliookoa mtoto. Ukirudia, utanipiga mimi kwanza." Akanuna. Akasema tangu televisheni iingie nyumba yetu imeharibika. Nikamwambia ndiyo, na ndipo ilipoanza kutengenezwa. Hatuzungumzi kwa sasa. Tutazungumza, pamba ikifika atahitaji mikono yangu.

Basi shika haya, mwanangu, na usiyashike kwa mkono mmoja. Ukinunua kitu kipya, mtazame kwanza mtu mdogo kuliko wote nyumbani mwako, uone mkono wake unafika wapi. Hapo ndipo pa kuanzia kupima, si kwenye inchi za boksi. Anayekuambia kwa upole kwamba ukuta wako haufai hakutukani. Ukisema kesho kuhusu msumari, ujue mtoto hana kesho, ana sasa. Walinifundisha haraka haraka haina baraka, na mara nyingi ni kweli. Hawakunifundisha kwamba ipo siku baraka yote iko kwenye haraka. Piga magoti. Salimia wakubwa mpaka mwisho, usikate salamu ya mtu, ni kitu kizuri tulichoachiwa. Lakini ukiona mguu wa kuku umefika ukingoni, piga mwano. Usirudi kuchukua kanga. Ruka miguu ya shangazi, ruka ya babu, ruka na yangu nitakapozeeka nikawa mgumu kuelewa. Atakayekupiga kofi kwa hilo, njoo uniambie.

Mungu akupe sauti isiyokwama kooni. Akulinde macho yako yote mawili, lile lenye kovu na lile lisilo nalo. Bega lako la kushoto lisikuume mvua zikianza. Uzae, ulee, na nyumba yako iwe na ukuta unaoshika, na mzee mmoja mle ndani aliye tayari kuikata nira yake.